Je, Wajua? Mto Tana, Matanga na Vitabu vya Mabaharia

Je, wajua kwamba maji yanayopita hapa Bura leo hayaingii baharini mahali yalipoingia zamani? Mdomo wa Tana umehama. Hadi karne ya 19 mto huu ulijimwaga kusini zaidi, katikati ya fuo za Ghuba ya Ungwana, na Kipini palikuwa mdomo wa mto mwingine, mfupi, uitwao Ozi. Mito hiyo miwili ilikaribiana sana ndani ya delta, ikitenganishwa na ardhi ya tope tu. Ndipo ulipochimbwa mfereji wa Belezoni, ili mitumbwi ya mpunga na pembe za ndovu itoke Tana iingie Ozi bila kupambana na mawimbi ya ghuba. Ulikuwa mfereji mwembamba wa kupitishia mitumbwi. Mafuriko yakaupanua. Kila mto ulipofura, maji yaliula ukingo, mfereji ukazidi kufunguka, na mwishowe Tana nzima ikageuka ikaufuata. Ndiyo maana leo mto mkubwa kuliko yote nchini Kenya unaingia baharini Kipini, kwenye mdomo ambao haukuwa wake.

Mtu wa nchi kavu huenda akaona hayo ni ya wakulima. Kwa nahodha wa enzi za matanga ni suala la kufa na kupona. Mto unapohama, mafungu ya mchanga nayo huhama, na njia ya kuingilia bandarini hubadilika. Ramani iliyochorwa kabla ya mfereji inamwelekeza nahodha kwenye mdomo ambao hauna tena maji ya kumtosha.

Je, wajua kwamba habari za mfereji katika pwani hii zina umri wa karibu miaka 2,000? Katika karne ya kwanza, mfanyabiashara mmoja wa Misri aliyeandika kwa Kigiriki alitunga kitabu cha safari za Bahari ya Hindi, kijulikanacho kama Periplus ya Bahari ya Erithrea. Anaeleza bandari moja baada ya nyingine: umbali, bidhaa, tabia ya wenyeji, hatari za njiani. Akishuka na pwani yetu anataja visiwa vya Pyralaoi na mahali paitwapo Mfereji, na wasomi wengi wanaona anazungumzia visiwa vya Lamu na viunga vyake. Kitabu hicho kilisalia katika hati ya mkono, kikapigwa chapa mara ya kwanza mjini Basel mwaka 1533. Jina la mwandishi halikusalia.

Mwandishi huyo anataja pia vyombo vya mbao zilizoshonwa kwa kamba. Sisi tunavijua vyombo vya namna hiyo. Je, wajua kwamba mtepe, jahazi la kushonwa la Wabajuni na watu wa Lamu, liliendelea kuundwa mpaka karne ya 20?

Mtepe unastahili kukaliwa kitako. Fundi alitoboa matundu kwenye kingo za mbao kwa keke, akapanga ubao juu ya ubao, akazishona kwa kamba za makumbi ya nazi, kisha akaziba kila tundu kwa kigingi cha mti. Hakupigilia mbao hizo kwa misumari. Tanga lilikuwa la mraba, limesukwa kwa ukindu kama mkeka, na omo ilirefuka mbele kama shingo ya ngamia. Wazee wa pwani walisema ni kumbukumbu ya ngamia wa Mtume. Chombo hicho kilivuja, na mabaharia walifua maji safari nzima. Lakini kilipogonga fungu la mchanga, mbao zilipinda kidogo pamoja na kamba zake, na hapo ambapo chombo cha misumari kingepasuka, mtepe uliendelea na safari. Kwa pwani yenye mafungu kama ya Ungwana na Lamu, huo ulikuwa uhandisi uliokusudiwa. Huwa nakasirika nikisikia mtu akiuita ufundi wa watu waliokosa chuma. Chuma walikuwa nacho, na mashua nyingine walizipigilia misumari.

Mtaalamu wa vyombo vya bahari James Hornell aliandika juu ya mtepe na dau la Lamu katika jarida la The Mariner's Mirror mwaka 1941, wakati mitepe ya mwisho ilikuwa imeshatoweka. Jarida hilo lilianza kuchapishwa Uingereza mwaka 1911. Yaani aliyetaka kujua jinsi babu wa watu wa Faza na Siu walivyoshona chombo chao, ilimbidi afungue jarida la London. Mwaka 2003 mtepe wa ukubwa kamili uliundwa upya Zanzibar na kuwekwa ndani ya Beit al-Ajaib. Sehemu ya jumba hilo iliporomoka Desemba 2020.

Mawili matatu ya haraka sasa.

Je, wajua kwamba magofu ya Ungwana, karibu na Kipini, yalikuwa mji wa mawe wenye misikiti, na kwamba mwanaakiolojia James Kirkman alichimba humo akachapisha kitabu kizima kuuhusu mwaka 1966? Ghuba nzima imerithi jina la mji huo. Kwenye ramani za Wazungu ghuba iliitwa Formosa, jina lililoachwa na Wareno.

Je, wajua kwamba Malindi na Mombasa zimo katika ramani ya Kichina? Kitabu cha mambo ya vita kiitwacho Wubei Zhi, kilichokusanywa na Mao Yuanyi katika miaka ya 1620, kina ramani ndefu ya njia za bahari inayohusishwa na misafara ya nahodha mkuu Zheng He ya mwanzoni mwa karne ya 15. Twiga wa Malindi alikwisha kufika mbele ya mfalme wa China mwaka 1415.

Na je, wajua kwamba ramani ya pwani yetu iliwahi kuibwa? Wafalme wa Ureno walizificha ramani zao kama wanavyofichwa wake wa masultani. Mwaka 1502 Alberto Cantino, mtu wa Mtawala wa Ferrara huko Italia, alitoa rushwa ya dukati 12 za dhahabu mjini Lisbon, akapata ramani ya dunia iliyochorwa kwa siri, pwani ya Afrika Mashariki ikiwemo. Katika karne ya 19 ramani hiyo ilipotea katika ghasia, ikaja kukutwa katika duka la mchinja nyama mjini Modena. Imo maktabani humo hadi leo.

Tukae sasa kwa mabaharia wa Kiarabu na wa Kiswahili, maana hapo pana utajiri unaosahauliwa.

Je, wajua kwamba manahodha wa Bahari ya Hindi walikuwa na vitabu vyao vya njia kabla Mreno yeyote hajazunguka Rasi ya Tumaini Jema? Viliitwa rahmani. Bingwa wao ni Ahmad ibn Majid, mzaliwa wa Julfar, ambayo leo iko Ras al-Khaimah. Kitabu chake kikubwa, Kitab al-Fawa'id, alikikamilisha karibu mwaka 1490. Mengi ya mafunzo yake aliyatunga kwa shairi, kwa sababu baharia aliye juu ya sitaha usiku, upepo unavuma na taa hakuna, hawezi kufungua kitabu. Shairi analo moyoni. Utenzi wake mmoja, al-Sufaliyya, unaeleza njia ya kushuka pwani yetu hadi Sofala. Hati ya utenzi huo ilikuwa Leningrad, na msomi Shumovsky aliichapisha huko mwaka 1957. Nyingine zilikuwa Paris, zikachapishwa na Gabriel Ferrand katika miaka ya 1920.

Je, wajua jinsi walivyopima walipo? Kwa kamali: kibao cha mstatili chenye uzi katikati, na kwenye uzi mafundo. Baharia aliuma fundo kwa meno, akanyoosha kibao mbele mpaka ukingo wa chini uguse upeo wa bahari na wa juu uguse nyota. Kila fundo lilikuwa bandari. Nyota ikikaa sawasawa kwa fundo la Maskati, basi uko usawa wa Maskati, geuza omo uingie. Kipimo chao kilikuwa kidole, isba, ambacho ni kama digrii moja na dakika 36.

Ila nyota ya Kaskazini huzama chini ya upeo ukishavuka Ikweta, yaani ukishapita Kismayu kuja kwetu. Ibn Majid alilijua hilo, na kwa njia ya kusini alitumia nyota nyingine, zikiwemo Farqadani, zile mbili za Dubu Mdogo. Rubani aliyeleta jahazi Pate au Ungwana alikuwa mtu wa elimu mbili, anga ya kaskazini na anga ya kusini.

Watu wengi bado husema ibn Majid ndiye aliyemwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi kwenda India mwaka 1498. Wasomi wengi wa leo wanalikataa hilo. Wanaelekea kusema rubani huyo alikuwa mtu wa Gujarati. Hadithi ya ibn Majid ilienea kutokana na mwanahistoria wa Makka wa karne ya 16, al-Nahrawali.

Jambo la uhakika ni hili. Da Gama alitweka tanga Malindi tarehe 24 Aprili 1498, kusi likianza, akiwa na rubani aliyempata Malindi ndani ya meli, akafika Calicut tarehe 20 Mei. Kurudi hakuwa na rubani wala subira. Aliondoka pwani ya India Oktoba 1498, kaskazi ikiwa haijashika, akataabika baharini karibu miezi mitatu. Kiseyeye kiliwaua mabaharia wake kwa makumi. Alipofika Malindi tena, Januari 1499, waliobaki hawakutosha kuendesha meli zote, wakaichoma moto São Rafael pwani ya Tanga. Kwa nahodha wa Lamu hapakuwa na la kushangaza. Kaskazi na kusi hazina haraka ya mtu.

Kalenda mabaharia wetu walikuwa nayo vilevile. Mwezi mwandamo hautoshi kwa bahari, maana hauendi na misimu, basi watu wa pwani walihesabu mwaka wa jua kuanzia Nairuzi, siku 365 zilizogawanywa kwa makumi yaitwayo miongo. Nahodha alitaja mwongo, na kila mtu bandarini akajua kama ni wakati wa kupakia au wa kupandisha chombo kwenye mchanga na kukikalafati.

Je, wajua kwamba meli ya Kireno iitwayo Santo António de Tanná, iliyozama chini ya Fort Jesus mwaka 1697, haina uhusiano na mto wetu? Tanná hiyo ni Thane ya India. Wapiga mbizi waliichunguza kuanzia mwaka 1977 hadi 1980, chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya na Taasisi ya Akiolojia ya Bahari kutoka Marekani. Karibu nasi zaidi, Ngomeni, upande wa kusini wa Ghuba ya Ungwana, kuna mabaki mengine ya meli yaliyotoa pembe za ndovu na vipande vya shaba. Watafiti wanafikiri huenda ni São Jorge, ya msafara wa mwisho wa da Gama mwaka 1524. Bado ni dhana, na kazi haijamalizika.

Sasa tufike kwa Waingereza na karatasi zao.

Je, wajua kwamba Idara ya Ramani za Bahari ya Uingereza ilianzishwa mwaka 1795, ikiwa na Alexander Dalrymple kama mkuu wake wa kwanza? Kabla ya hapo, na hata baadaye, manahodha wa biashara walinunua ramani kwa wachapishaji binafsi wa London, zilizogandishwa kwenye karatasi nene ya buluu ili zisiraruke. Aliyekuja Bahari ya Hindi alibeba pia kitabu cha James Horsburgh, kilichotoka kati ya 1809 na 1811. Horsburgh alikuwa baharia mwenyewe. Meli aliyokuwemo ilivunjika kwenye Diego Garcia kwa sababu ya ramani mbovu, na tangu hapo akayafanya makosa ya ramani kuwa kazi yake ya maisha.

Pwani yetu ilikuja kupimwa kwa makini na William Fitzwilliam Owen. Kati ya 1822 na 1826, kwa meli za Leven na Barracouta, alizunguka Afrika akipima kina kwa bildi na kuchora kila rasi. Kazi ya bildi ni ya mikono. Baharia anasimama ubavuni, anarusha risasi iliyofungwa kamba, anasoma pima, anaita kwa sauti, anaivuta, anairusha tena. Chini ya risasi kumepakwa mafuta ili mchanga au tope la chini linase, na karani anaandika: pima saba, tope. Kila tarakimu ndogo unayoiona kwenye ramani ya zamani ya bahari ni mrusho mmoja wa mkono wa mtu. Owen alirudi na ramani zipatazo 300. Homa iliua zaidi ya nusu ya watu aliotoka nao Uingereza. Simulizi ya safari ilichapishwa London mwaka 1833 katika juzuu mbili, na ramani zake zilitumika kwa miongo mingi. Fungu la Leven, kaskazini ya Unguja, bado lina jina la meli yake.

Wakati huo huo Owen aliingia katika siasa. Mnamo Februari 1824 Wamazrui, watawala wa Mombasa, walimwomba bendera ya Uingereza iwakinge na Sayyid Said, mtawala wa Omani, akawapa bila idhini ya serikali yake. Alimwacha luteni kijana, John James Reitz, awe gavana. Reitz alikufa kwa homa mwaka huo huo. Bendera ilishushwa 1826.

Mfaransa naye hakukaa nyuma. Charles Guillain alipita kwa jahazi la vita Ducouëdic kati ya 1846 na 1848, akatoa juzuu tatu pamoja na albamu ya picha za watu na miji ya pwani yetu, nyingine zikitokana na picha za kamera za mwanzo kabisa.

Je, wajua merekani ilitoka wapi? Kitambaa hicho kilicholipia pembe na watumwa barani kilikuja kwa meli za Salem, mji mdogo wa Massachusetts. Manahodha wa Salem walisafiri wakiwa na kitabu cha mwana wa mji wao, Nathaniel Bowditch, kilichotoka mwaka 1802 baada ya yeye kukuta maelfu ya makosa katika kitabu cha Kiingereza kilichotumika kabla. Kosa moja lilihesabu mwaka 1800 kuwa mwaka mrefu. Kosa dogo la hesabu, na meli ziliishia miambani. Sayyid Said alijibu safari hizo: mwaka 1840 meli yake Sultana, nahodha Ahmad bin Na'aman, ilitia nanga New York ikiwa na karafuu, kahawa, tende na pembe za ndovu.

Na Bura, je? Bura hii yetu, si ile ya Taita. Mwaka 1878 Clemens Denhardt na Dakta Gustav Fischer walipanda Tana wakiupima. Mwaka 1885 ndugu Denhardt walipata mkataba na Sultani Ahmed wa Witu, aliyeitwa Simba, na Ujerumani ikatangaza ulinzi wake, kisha ikauacha kwa Waingereza mwaka 1890. Mwaka uliofuata Kapteni Dundas aliipandisha mtoni meli ya moshi iitwayo Kenia. Ilipita katika mapindo haya haya, mahali ambapo Wapokomo walikuwa wakipiga upondo tangu enzi na enzi. Ndoto ya kuifanya Tana barabara ya meli hadi bara haikutimia. Mto una mapindo mengi, mafungu hayatulii, na kiangazi maji hupungua. Mpokomo yeyote mwenye mtumbwi angeweza kuwaambia hayo kwa siku moja.

Je, wajua nani aliandika picha kamili zaidi ya mwisho wa enzi ya matanga kwetu? Alan Villiers wa Australia. Mwaka 1938 alipanda jahazi la Kuwait, Bayan, la nahodha Ali bin Nasr al-Nejdi, akapita Lamu, Mombasa na Zanzibar hadi delta ya Rufiji kupakia boriti. Kitabu chake kilitoka 1940. Boriti zilihesabiwa kwa korija, ishirini ishirini, na nyumba nyingi za zamani za Ghuba ya Uajemi zina dari ya mikoko yetu. Kenya ilipiga marufuku kuisafirisha nje mwaka 1982. A.H.J. Prins, Mholanzi, alifuata kwa kitabu juu ya mabaharia wa Lamu mwaka 1965.

Hesabu vitabu nilivyovitaja. Basel, London, Paris, Leningrad, Uholanzi. Waliojua njia ya Kipini walikuwa Kipini. Waliochapisha walikuwa kwingine. Hilo linaniuma, na bado tuna nafasi ya kulirekebisha kwa sehemu. Ikiwa kwenu Ngao, Kipini, Garsen au hapa Bura kuna mzee aliyewahi kuendesha jahazi, kuvusha watu kwa mtumbwi, au kufanya kazi kwenye kivuko cha Garsen kabla ya daraja, kaa naye wiki hii na daftari. Muulize majina ya mafungu, mapindo ya mto, pepo, na mahali mdomo wa zamani ulipokuwa. Andika kwa Kiswahili, au kwa Kipokomo, kwa maneno yake mwenyewe, kisha nakala moja iache shuleni na nyingine ipeleke Makumbusho ya Lamu.